Kliniki ya Ugonjwa wa Gaucher: Tathmini ya Huduma kwa Wenye Matatizo ya Mifupa

Kliniki ninayoizungumzia hapa huwahudumia watu wenye ugonjwa wa Gaucher, na mimi ni mgonjwa wao wa aina ya 1, ile ambayo kwa kawaida haishambulii ubongo, kwa miaka kadhaa sasa. Kinachoitofautisha na nyingine ni kwamba haitosheki na wengu uliovimba kupungua na damu kuongezeka, bali huifuatilia mifupa kwa ratiba yake yenyewe. Kwa wengi wetu mifupa ndiyo inayotutesa kuliko vyote, na ndiyo iliyo nyuma kabisa katika kuitikia dawa.

Ugonjwa huu, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1882 na Mfaransa Philippe Gaucher, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hitilafu katika jeni ya GBA1 hudhoofisha kimeng'enya kiitwacho glukoserebrosidesi, na mafuta ambayo yangevunjwa na kimeng'enya hicho hurundikana ndani ya seli za kinga. Seli hizo zinapojaa kwenye uboho, mfupa huanza kukosa damu ya kutosha, ukapungua uzito, ukavunjika kwa jambo dogo, au sehemu yake ikafa kabisa, hasa kile kichwa cha mfupa wa paja kinachokaa ndani ya nyonga.

Daktari wa hapa haamini eksirei peke yake, kwa kuwa eksirei huchelewa kuonyesha madhara. Huagiza MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, pamoja na kipimo cha uzito wa mifupa. Katika miadi yangu ya karibuni aliziweka picha mbili za mapaja kwenye skrini, ya zamani kushoto na mpya kulia, akanionyesha kwa ncha ya kalamu jinsi uboho uliokuwa mweusi ulivyoanza kurudia weupe wake. Kisha akasogea kwenye nyonga, ambako hakuna kilichobadilika, akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba dawa huzuia madhara mapya lakini haifufui mfupa uliokwisha kufa. Ukweli wa namna hiyo nauthamini kuliko maneno ya kubembeleza.

Dripu ya dawa yenyewe, ambayo hutolewa kila baada ya wiki mbili, haina malalamiko. Muuguzi huyeyusha unga wa imigluseresi, kimeng'enya kilichotengenezwa kuziba pengo la kile kilichodhoofika, kwa kuizungusha chupa polepole bila kuitikisa, na hamharakishi mtu.

Jambo jingine la kusifiwa ni kadi ya dharura. Maumivu makali ya ghafla ya mfupa, yakiandamana na homa na uvimbe, hufanana mno na maambukizi ya mfupa, na daktari asiyeujua ugonjwa huu anaweza kukimbilia kuutoboa mfupa na hivyo kuuletea maambukizi ambayo hayakuwepo. Kadi inaagiza damu ioteshwe maabara na MRI ifanywe kabla ya kisu. Niliwahi kuionyesha katika hospitali nyingine usiku wa maumivu, na upasuaji uliokuwa ukiandaliwa ukasitishwa.

Kasoro zipo. Simu ya kliniki haipokelewi mwishoni mwa wiki, kana kwamba mifupa nayo hupumzika siku hizo. MRI na kipimo cha uzito wa mifupa hupangwa siku tofauti, jambo gumu kwa anayetembea kwa magongo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hayupo kabisa, nami naliona hili kuwa pengo kubwa kuliko yote, maana mwenye nyonga iliyoharibika anahitaji kufundishwa namna ya kuimarisha misuli bila kuiumiza zaidi.

Pamoja na hayo ninaipendekeza, hasa kwa waliokwisha kuondolewa wengu, kwa sababu upasuaji huo umehusishwa na ongezeko la kufa kwa sehemu za mfupa na hivyo nyonga zao zinastahili kupigwa picha mapema. Anayekwenda kwa mara ya kwanza abebe picha zake zote za zamani, hata zile za hospitali aliyokwisha kuihama, ili daktari apate cha kulinganisha.