Tahadhari: Magari ya umeme yanayouzwa na skrini mbovu kwa kisingizio cha "programu tu"

Ndugu wanunuzi, natoa tahadhari hii kwa yeyote anayefikiria kununua gari la umeme lililotumika katika yadi za Dar es Salaam. Ipo yadi moja, na sidhani kama iko peke yake, inayouza magari ambayo skrini zake zimeshaanza kufa, na mnunuzi akirudi kulalamika huelekezwa kwa fundi ambaye, kama alivyoniambia mwenyewe siku tulipogombana, hugawana malipo na muuzaji. Chapa ya gari siitaji, kwa kuwa kiwanda hakikunitapeli.

Niliitwa saa moja asubuhi, eti tuwahi kabla ya foleni. Skrini iliwaka vizuri, maandishi yote yakiwa ya Kijapani, na dalali akanihakikishia kwamba lugha ingebadilishwa baada ya siku mbili na ramani ya Tanzania ingepakiwa bila malipo. Tulizunguka kwa dakika kumi hivi, nikalipa. Siku hiyo hiyo saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo na jua limesimama kichwani, kioo kilianza kujibonyeza chenyewe: kiyoyozi kikapanda na kushuka, redio ikaruka stesheni, kisha skrini yote ikawa nyeusi. Nilipofika nyumbani na kuweka gia ya kurudi nyuma, kamera haikuonyesha kitu. Gari lenyewe liliendelea kutembea bila tatizo, na hapo ndipo muuzaji anapopata pa kujitetea, kwa sababu atakuuliza: si linatembea?

Fundi aliyeletwa na yadi alisema programu imekwama, akachukua shilingi 300,000. Nilimwona kwa macho yangu akichomoa waya wa betri ndogo ya volti 12, akasubiri kidogo, akaurudisha. Skrini ikawaka, na baada ya siku mbili ikazima tena. Safari ya pili alitaka shilingi 1,200,000 za skrini iliyotolewa kwenye gari jingine. Ilipofungwa ilidai namba ya siri ya kuzuia wizi, jambo ambalo fundi wa kweli angeliuliza kabla ya kununua, na namba hiyo nayo ikawa na bei yake. Hapo nilikataa.

Neno "programu" hufunika mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni lugha na ramani: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana lugha nyingine ndani yake, na ramani zake ni za Japani pekee, kwa hiyo ahadi ya kubadilisha baada ya siku mbili inaweza kuwa ahadi ya kitu kisichokuwepo. La pili ni huduma zinazopitia mtandao wa simu, ambazo zinaweza kukoma hata huko zilikoanzia. Nchini Uingereza, Nissan ilisitisha mwaka 2024 huduma ya app ya simu kwa magari yake ya umeme ya Leaf ya zamani, kwa sababu yalitegemea mtandao wa simu wa kizazi cha pili (2G) unaoondolewa. La tatu ndilo zito, nalo ni uchakavu wa kifaa chenyewe, ambao hakuna programu itakayouponya.

Uchakavu huo si hadithi ya mafundi. Mwezi Februari 2021, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani kuitaka ifanye hivyo, Tesla ilirudisha karakana takribani magari 135,000 ya Model S na Model X yaliyotengenezwa kabla ya Machi 2018. Kumbukumbu ya kompyuta inayoendesha skrini, ya gigabaiti 8, huchakaa kila inapoandikwa, na baada ya miaka mitano au sita huchakaa kabisa, skrini ikafa, ikiondoka na kamera ya nyuma na mipangilio ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Tiba ilikuwa kuweka kumbukumbu mpya, kubwa zaidi. Basi gari la miaka minane likikufikia hapa, uliza skrini yake ina umri gani kama unavyouliza betri kubwa.

Ushauri wangu ni kwamba usikague gari asubuhi. Nenda mchana, acha gari lisimame juani, kisha uliendeshe kwa muda usiopungua saa moja ukiwa umewasha kiyoyozi. Buruta kidole kutoka pembe hadi pembe uone kama kuna sehemu isiyohisi, weka gia ya kurudi nyuma mara kadhaa, zima gari, subiri dakika kumi, uwashe upya. Angalia kama vituo vya redio na saa vimerudi mwanzo, kwani huenda betri ndogo ilichomolewa asubuhi hiyo. Wapo watakaosema betri ndogo ikidhoofika nayo huvuruga skrini, na ni kweli. Basi muuzaji aibadilishe kabla hujalipa. Lugha na ramani alizoahidi aziweke kwanza, pesa zifuate.

Dai risiti ya EFD, na makubaliano ya maandishi yanayotaja skrini, kamera na ramani kwa majina. Mimi nilipewa karatasi ya mkono iliyoandikwa "gari limekaguliwa na mteja ameridhika", nikaisaini kwa haraka, na hiyo ndiyo wanayonionyesha kila ninapokwenda. Hata hivyo nimeandaa malalamiko kwa Tume ya Ushindani, pamoja na video niliyopiga siku fundi alipokuwa akichomoa waya.

Jumamosi iliyopita nilipita pale. Lipo gari jingine la aina ile ile, na katika picha zote za tangazo lake skrini imezimwa.