Puppy Linux kwenye flashi: uzoefu wangu na laptopu isiyo na diski

Diski ya laptopu yangu ilikufa, na betri yake siku nyingi haishiki chaji. Sikununua diski nyingine. Naiendesha kwa flashi tu, na ndani yake nimeweka Puppy Linux, mfumo endeshi mdogo wa kutumika badala ya Windows, mradi aliouanzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Niliuchagua kwa sababu ya bando: toleo la FossaPup64 9.5 lina MB 409, wakati Ubuntu, Linux nyingine maarufu, ya siku hizi inapita GB 5. Nililiweka kwenye flashi kwa Rufus, programu ya Windows ya kazi hiyo, nikabonyeza F12 wakati wa kuwasha ili laptopu iwake kutoka kwenye flashi, basi.

Puppy ikiwaka hujipakia yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Kuwaka kunachukua muda, hasa kwenye tundu la USB 2.0, lakini deskitopu ikishatokea programu zinafunguka papo hapo. RAM yangu ni GB 4 na inatosha, mpaka nifungue tabo nyingi za kivinjari.

Utamu na uchungu viko kwenye kuhifadhi. Unapozima mara ya kwanza, inakuuliza kama utunze kazi yako, na wapi. Ukikubali, inatengeneza faili moja ambamo mipangilio, nywila za Wi-Fi na programu ulizoongeza hukaa. Tangu hapo kila badiliko linakaa kwanza kwenye RAM, kisha linaandikwa kwenye flashi kila baada ya dakika 30, au ukibonyeza alama ya Save. Ni mpango mzuri, maana flashi huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Lakini kwa laptopu isiyo na betri, umeme ukikatika kazi ambayo haijaandikwa ndiyo imekwenda. Nimeupunguza muda huo hadi dakika 10, na nikiandika kitu kirefu nabonyeza Save kila nikimaliza aya. Flashi ikiwa imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, faili hilo haliwezi kuzidi GB 4, kwa hiyo picha na video ziwekwe nje yake.

Wi-Fi ilisumbua, kwa sasa naunganisha simu kwa kebo ya USB na intaneti inapatikana bila shida. Kisichonipendeza ni kwamba unafanya kazi kama root, yaani akaunti yenye mamlaka yote juu ya mfumo, muda wote. Kivinjari walau unaweza kukiendesha kwa akaunti yenye mamlaka kidogo iitwayo spot, na ndivyo ninavyofanya.

Anayeanza leo asichukue FossaPup64. Imejengwa juu ya Ubuntu 20.04, ambayo matunzo yake ya kawaida yaliisha 2025. Achukue BookwormPup64, toleo la Puppy lililojengwa juu ya Debian 12, Linux nyingine: faili lake ni kubwa zaidi, ila programu unaongeza kwa Synaptic, dirisha la kutafuta na kusakinisha programu, bila kuhangaika. Anunue na flashi ya USB 3.0 kama laptopu yake ina tundu lake. Na lile faili la kuhifadhia alinakili mahali pengine mara kwa mara, akiwa kwenye kompyuta nyingine. Langu lina nakala kwenye simu.