Gari la taka zilizochambuliwa mjini Unguja: unalipia nini?

Huduma hizi za gari linalopita mlango kwa mlango kuchukua taka zilizochambuliwa tunazipa nyota tatu kati ya tano. Kwa makopo ya soda, chupa za maji na madumu, hela yako inafanya kazi. Vilivyobaki vingi vinaishia jaa la Kibele, ila vimezunguka kidogo njiani.

Viroba vikishamwagwa kwenye uwanja wa kuchambulia, kazi ni ya mikono. Makopo hupitishiwa sumaku: linalonaswa ni bati, lisilonaswa ni alumini, na hiyo ndiyo yenye bei. Watu wa skrepa wanalijua hilo, kwa hiyo mara nyingi huwahi kabla ya gari.

Chupa ya maji, ile yenye namba 1 kwenye kitako, ina ukorofi wake. Kizibo ni plastiki nyengine, lakini hakisumbui: chupa zikishasagwa kuwa chenga na kutiwa majini, chenga za chupa huzama, za kizibo huelea. Kazi ipo kwenye lebo. Ile nyembamba iliyobana mwili mzima mara nyengine ni ya PVC, plastiki ya aina nyengine tena, nayo huzama pamoja na chupa. Chupa huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi. Kwa joto hilo PVC imeshaungua, inatoa tindikali, na mzigo mzima unageuka manjano. Ndiyo maana utaona mchambuzi ameshika kisu. Lebo hiyo ichane mwenyewe nyumbani, ni sekunde mbili tu.

Halafu kuna nauli. Chupa zisizokandamizwa ni upepo mtupu: lori limejaa, mizani haisomi kitu. Asiye na mashine ya kufunga marobota hana faida ya kuvusha mzigo Dar es Salaam, basi unarundikana uwanjani mpaka jua liivunjevunje plastiki. Gilasi ni kinyume chake, nzito na bei ndogo. Karakana chache hapa kisiwani hukata chupa za mvinyo kuwa bilauri, lakini haziwezi kumaliza chupa zote za mahoteli.

Boksi la maziwa ni karatasi, plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja. Litie tu kwenye taka za kawaida. Boksi la chipsi lililoloa mafuta nalo vilevile, tena likikaa na karatasi safi linaziharibu. Dumu la mafuta ya kula ligeuze kichwa chini usiku kucha, kisha lisuuze kwa maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. La oili ya gari lisichanganywe kabisa.

Kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, omba kuona karatasi ya mizani ya mnunuzi: kilo ngapi za alumini, ngapi za chupa. Anayejibu "sisi tunarejeleza kila kitu" bila ya karatasi hiyo, mwachie kiroba chake.