Wodi ya mifupa, nyonga ya mama na usiku mmoja wa zamu mbaya

Kilichonipeleka kwa daktari wa usingizi ni hofu ya nusu kaputi, ile dawa ya kumlaza mgonjwa kabisa wakati wa upasuaji. Pale soko la Majengo, Dodoma, ninapokaa na cherehani yangu, kila mwenye mzee ana habari yake: bibi fulani aliingia chumba cha upasuaji na akili zake, akatoka hawatambui wajukuu. Na mama yangu, miaka 79, tayari alikuwa anasahau. Ni mwaka wa pili sasa anauliza baba amechelewa wapi, na baba tulimzika 2016.

Alianguka Machi, shambani kwetu Mvumi, akiwa na ndoo ya zabibu mkononi. Nyonga ikavunjika, tukamleta mjini. Jina la hospitali siliandiki, maana nina malalamiko ya usiku mmoja na sitaki yawaangukie wote waliotutendea wema.

Daktari hakunibeza. Aliketi nami kwenye benchi la nje akaniambia jambo ninaloliuliza limeshafanyiwa utafiti Marekani na Kanada, kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, matokeo yakatoka 2021. Nusu walichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, nusu wakapewa nusu kaputi. Waliochanganyikiwa baadaye walikuwa kama mmoja kati ya watano, katika makundi yote mawili. Mama alichomwa ya mgongo kwa sababu ya kifua chake, lakini daktari alinisisitizia nishughulike zaidi na siku za wodini.

Kabla ya upasuaji alikuja sista mkuu wa wodi. Alimwamkia mama kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na mama akamwitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. Kisha akampima akili. Alimtaka ataje wanyama kwa dakika moja. Mama akataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, akarudi kwa ng'ombe. Akampa njiti nne za kiberiti apange umbo kama alilompangia. Nilipenda sana kipimo hicho. Kilitengenezwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, na hakimdai mtu awe amesoma. Mama hajawahi kushika kalamu. Ungempa karatasi achore saa, ungempima shule, si akili. Alama zake zilikuwa ndogo, zikaandikwa kwenye faili ili baadaye wajue lipi alikuja nalo na lipi ni jipya.

Sasa usiku wenyewe. Baada ya upasuaji zamu ilibadilika, muuguzi mwingine akasema ndugu wote watoke. Nikamweleza kwamba mama anasahau, akiamka asione sura anayoijua atahangaika. Hakunisikiliza. Miwani ya mama ikafungiwa kwenye kabati. Niliporudi alfajiri nilimkuta mkono umefungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Aliweweseka, akang'oa dripu, akachomwa diazepam ili alale. "Ametulia sasa," nikaambiwa. Nikimwita anafumbua macho, anayafumba. Uji nikimtia mdomoni haumezi. Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wengine.

Utulivu ule ndio uliomshtua sista mkuu alipoingia asubuhi. Alinieleza kuwa kuchanganyikiwa baada ya upasuaji kuna kwa kelele na kwa kimya, na kwa kimya hupita bila kuonekana kwa sababu mgonjwa hasumbui mtu. Na ile diazepam kwa mzee huongeza tatizo. Akafungua bandeji kwa mikono yake mwenyewe. Akaanza kutafuta sababu: choo alikuwa hajapata siku nne, midomo imekauka, na dawa ya maumivu hakupewa usiku kucha kwa kuwa alilalamika kwa Kigogo na hapakuwa na wa kumwelewa. Hilo la mwisho bado linaniuma.

Kuanzia hapo waliniruhusu kulala naye, mkeka chini ya kitanda. Miwani ikarudi usoni. Maji kidogo kidogo kila saa, uji wa uwele, pazia wazi mchana, taa hafifu usiku. Mpira wa mkojo ukatolewa mapema. Siku ya pili mtaalamu wa mazoezi alimkalisha kitini, ya tatu akamsimamisha. Binti yangu, anayesoma uuguzi Chuo Kikuu cha Dodoma, aliniambia mambo haya yana historia: daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliyachunguza wakatangaza matokeo 1999, kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Hao walikuwa wa wodi za kawaida, si za upasuaji, lakini kwa waliohudumiwa namna hii, waliochanganyikiwa walikuwa chini kidogo ya 10 katika kila mia, wakati kwa huduma ya kawaida walikuwa 15.

Siku ya sita mama aliniuliza nani analinda zabibu. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Sista mkuu na timu yake nawapa alama zote. Wodi kwa ujumla siwezi kuipa, maana mgonjwa hachagui zamu. Wakiweka karatasi juu ya kitanda yenye maneno machache tu, "anasahau, anaongea Kigogo, anavaa miwani, ndugu abaki", muuguzi yeyote wa usiku ataisoma. Mpaka waiweke, mwenye mzee wa namna hii aiandike mwenyewe kabla ya upasuaji, aibandike, na ruhusa ya kulala wodini aiombe mchana, sista mkuu akiwepo.

Mama yuko nyumbani, anatembea kwa fremu hadi mlangoni. Bado anamuulizia baba kama zamani. Tukirudi kliniki nitaomba apimwe tena kwa zile njiti.