Kitangi cha saji na pampu ya pili kwenye Impreza yangu: kazi niliyofanyiwa Nakuru

Subaru Impreza ya turbo haipendi kona ndefu ikiwa na robo tangi. Petroli inakimbilia upande mmoja, pampu iliyo tangini inavuta hewa, na geji ya presha ya mafuta inaporomoka wakati ule ule turbo inasukuma kwa nguvu zake zote. Gari linakohoa, unaachilia mguu, mafuta yanarudi, unaendelea. Kwenye lami huenda usijue kilichotokea. Kwenye autokrosi, yaani mashindano ya magari kwenye vumbi, ambako kona zinafuatana bila nafasi ya kupumua, injini inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, moto ndani ya silinda unapita kiasi, na pistoni za EJ20, injini ya gari hili, zinajulikana kwa kuvunjika pale kwenye ukingo mwembamba unaoshika ringi. Injini nyingine kutoka Japani haiji kwa bei ya mchezo.

Dawa ya bure ipo: jaza tangi. Kama gari lako ni la kwenda kazini na Jumapili kupelekea watoto ziwani, usiteremke chini ya nusu na pesa yako utafutie tairi. Mimi ninashindana, na lita 50 za petroli ni kilo 37 hivi za kubebeshwa gari bila faida. Isitoshe, nilikuwa nimeweka injekta (vipulizia mafuta vya injini) kubwa, na pampu ya kiwandani ilikuwa imefika mwisho wake. Ndiyo maana nikaingia kwenye saji tangi.

Kwa ambaye hajaiona: ni kitangi kidogo cha alumini, changu kinachukua lita mbili, kinachokaa kati ya tangi la gari na injini. Tangi kubwa ni pipa la nje, hiki ni mtungi wa jikoni ambao haukauki. Pampu iliyo tangini inakijaza muda wote kwa presha ndogo. Pampu ya pili, yenye nguvu, inachota chini ya kitangi na kupeleka kwenye injekta. Ambayo injini haikuyatumia yanarudi kwenye kitangi hicho hicho, na kikijaa, ya ziada yanatoka kwa paipu ya juu kabisa kurudi tangi kubwa pamoja na hewa yote iliyoingia.

Watu wengi hapa huchanganyikiwa kuhusu pampu gani iwe kubwa. Pampu yangu ya presha ni Walbro ya kufungwa nje, lita 255 kwa saa, yaani zaidi ya lita nne kwa dakika. Mtu akisikia hivyo anadhani pampu ya tangini nayo lazima itoe kiasi hicho, la sivyo kitangi kitakauka. Hapana. Injini ya turbo ya nguvu farasi 300 ikikanyagwa yote huchoma lita mbili kasoro kidogo kwa dakika. Mengine yote yanazunguka na kurudi. Pampu ya tangini inatakiwa kushinda kile kinachochomwa tu, tena haisukumi dhidi ya presha yoyote ya maana. Pampu ya kiwandani inatosha, na mimi nimeiacha pale pale. Yule muuzaji aliyetaka kuniuzia pampu mbili kubwa alikuwa anatafuta karo ya watoto wake kwangu.

Kazi nilipeleka kwenye karakana moja ya eneo la viwandani, kwa mzee ambaye zamani alikuwa akichomelea matangi ya maziwa. Sitamtaja, hajaomba matangazo. Upande wa kuchomelea sina la kulalamika. Alumini ya milimita tatu, mshono mmoja safi wa tigi, ndani kakipiga ukuta wa kuzuia mafuta yasicheze. Alikijaribu kwa hewa ya presha ndogo na povu la sabuni mbele yangu, akakigeuza kila upande. Nilipotoa tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba ili nimsaidie kufunga viungo, alinitazama tu.

"Kijana wangu, hiyo peleka chooni," akasema. "Vipande vyake vitaenda kulala kwenye injekta."

Alikuwa sahihi. Viungo vya AN, hivi vya kuunganishia paipu za mafuta kwenye magari ya mashindano, vinaziba kwa chuma kukaa juu ya chuma, havitaki tepu wala silikoni, na silikoni ya kawaida petroli huilainisha ikawa ute. Paipu ya kutoka kitangini kwenda kwenye pampu aliweka pana, AN-8, na pampu akaifunga chini ya kitangi ili mafuta yateremke yenyewe. Pampu hizi zinajua kusukuma, kuvuta haziwezi sana. Ukiifunga juu ya kitangi itachemsha mafuta kwenye mdomo wake na kupiga kelele mpaka ife, na hapa kwetu, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na petroli hugeuka mvuke mapema kuliko Mombasa. Kabla ya pampu kuna chujio la matundu makubwa, mikroni 100. Baada yake la mikroni 10. Ukibadilisha nafasi zake, lile la matundu madogo litaibana pampu koo.

Jambo moja la Subaru ambalo mzee hakulijua, na ilibidi nimchoree kwenye boksi. Tangi la Subaru ya magurudumu manne limepanda juu ya shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, kwa hiyo lina mabonde mawili. Pampu iko bonde moja. Mafuta ya bonde la pili huvutwa na kijipampu kisicho na umeme, kinachoendeshwa na mkondo wa mafuta yanayorudi kutoka injini. Ukiziba paipu ya zamani ya kurudishia na kumwaga ziada mahali pengine, kijipampu kinakufa, na gari litazima geji ikionyesha bado una robo. Kwa hiyo ziada ya kitangi lazima ipitie paipu ile ile ya kiwandani. Mzee alisikiliza, akazungusha kichwa, akabadilisha. Fundi wa umri wake kukubali kuchorewa na mteja si jambo la kila siku, na hapo nilimwongezea alama.

Umeme ndio sehemu ambayo sikuridhika. Kijana wa pale alitaka kuunganisha pampu mpya kwenye waya wa pampu ya zamani, "zinywe pamoja." Pampu moja ya aina hii inakula kama ampea nane hadi kumi, waya wa kiwandani haukukusudiwa mbili. Kisha akapendekeza achukue umeme wake kwenye swichi ya ufunguo. Hilo ndilo baya zaidi: gari likipinduka na injini ikazima, pampu itaendelea kumwaga petroli kwa presha kwenye paipu lililokatika. Nililipeleka gari kwa fundi wa waya wa mtaa wa Shabab, ambaye alivuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ndani ya buti, na ardhi kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Rilei inaamshwa na ishara ile ile ya kompyuta inayowasha pampu ya tangini, hivyo injini ikinyamaza zote mbili zinanyamaza. Tulipima injini ikiwa hai: volti 13.6 kwenye betri, 13.3 kwenye pampu. Ukipata 11 na kitu, pampu yako mpya ni mapambo.

Tulipima pia mkondo. Presha ya msingi ni bar 3 na regulata, kidhibiti cha presha, huongeza sawasawa na turbo, basi kwa bar 1.2 za turbo pampu inafanya kazi dhidi ya bar 4.2. Kwa presha hiyo, mafuta yakienda kwenye jerikeni yenye alama, tulipata lita tatu na nusu na ushee kwa dakika. Si lita nne za kwenye boksi, na haipaswi kuwa. Tarakimu ya boksi ni ya presha ya chini. Fanya kipimo hiki kabla ya kulipa, hasa ukinunua pampu ya Bosch 044 au Walbro mkononi, maana za bandia ni nyingi na kwa macho zinafanana kabisa na halisi.

Kuhusu kukaa kwake. Kitangi kiko buti, na hapa sikukubali njia ya mkato. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka ukuta usiopitisha moto wala majimaji kati ya mafuta na abiria, na hata bila kanuni, watu wa Nakuru hatuhitaji kufundishwa petroli ni nini. Sachang'wan iko hapo juu tu. Januari 2009 zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta liliposhika moto. Mzee alikata bati la alumini nyuma ya kiti, akaziba kila tundu, kisha kitangi akakifungia ndani ya boksi lenye bomba la kupumulia nje chini ya gari. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko kitangi chenyewe. Hosi na viungo navyo vilikula pesa kuliko pampu, na kila anayeuliza bei hushtuka hapo.

Matokeo? Kwenye vumbi, na chini ya robo tangi, sindano ya presha haitikisiki kona ya kulia wala ya kushoto. Mchanganyiko wa hewa na mafuta unakaa 11.5 kwa 1 turbo ikiwa kazini. Zamani ulikuwa ukiruka hadi 15 katikati ya kona. Kupanda kutoka Njoro kwenda Mau Narok gari linavuta bila kusita.

Kero zipo. Pampu ya nje inalia kama nzi aliyefungiwa, hata ikiwa juu ya mipira. Mke wangu amehamia gari lake. Buti limekwisha, huwezi kubeba gunia la viazi. Na kila baada ya mashindano mimi hushika kila kiungo kwa mkono mkavu na kunusa, kwa sababu barabara za vumbi hulegeza chochote.

Ningempelekea mzee kazi tena kesho, ya kuchomelea na ya mapaipu. Umeme nitaendelea kuupeleka Shabab. Ukienda kwa mzee, nunua hosi zako mwenyewe, zile za injekta zenye maandishi ya R9 ubavuni, kwa sababu alizonazo dukani ni za kabureta na presha hii zitaishi wiki chache tu.