Uzoefu wangu: mtambo wa umeme wa kuondoa arseniki kwenye maji ya kisima, ndoo ya lita 20

Naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kijitabu cha maelekezo.

Maji yangu ni ya kisima kirefu mkoani Geita, kwenye ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, ambako arseniki, madini yenye sumu, hutoka ndani ya miamba yenyewe. Kabla ya kusafishwa, kipimo cha karatasi kilisoma karibu mikrogramu 100 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Kwa macho maji hayo ni safi kabisa, hayana harufu wala ladha. Kuyachemsha ni kupoteza kuni: maji yanapungua, arseniki inabaki.

Ndani ya ndoo kuna mabamba matano ya chuma cheusi, sm 15 kwa 20, unene mm 1.5, yaliyoachana sm 1.5. Yanalishwa na betri ya volti 12 ya sola kupitia kidhibiti chenye mita ya ampea. Umeme unayeyusha chuma, chuma kinakutana na oksijeni na kuwa kutu laini ya rangi ya chungwa, na arseniki inaing'ang'ania kutu hiyo. Ukiitoa kutu, umeitoa na arseniki.

Kijitabu kinasema washa dakika 15. Hapo ndipo watu wengi wataumia, kwa sababu dozi ya chuma haihesabiwi kwa dakika peke yake. Ampea moja kwa saa moja huyeyusha takriban gramu 1.04 za chuma. Kwa ampea 2, dakika 15 zinatoa nusu gramu, yaani miligramu 26 tu kwa lita. Mimi nalenga miligramu 100 kwa lita: gramu 2 kwa ndoo, ampea 2, saa moja kamili. Kisima chenye fosfeti au silika nyingi kinahitaji zaidi, maana hizo nazo zinagombea nafasi kwenye kutu. Hapo nenda dakika 90 kisha pima upya.

Hewa ni nusu ya dawa. Miligramu 100 za chuma zinataka kama miligramu 14 za oksijeni kwa lita, na maji ya joto la kawaida hubeba 8 hivi. Kwa hiyo weka pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki kwa muda wote, au koroga bila kuchoka. Usipofanya hivyo maji yatatoka ya kijani hafifu, utayachuja yaonekane safi, halafu kesho yake yatageuka rangi ya chungwa mtungini. Hiyo ni dalili kwamba chuma kilipita chujio kikiwa bado kimeyeyuka, na huenda arseniki nayo ilipita. Maji yenye pH chini ya 7, yaani yenye asidi, yanachelewa zaidi.

Baada ya kuzima natia shabu nusu gramu iliyosagwa, nakoroga taratibu, naacha usiku kucha, kisha napitisha maji ya juu kwenye chujio la mchanga. Kipimo sasa kinasoma chini ya 10. Pimia mahali penye hewa, kwa sababu gesi inayotokea ndani ya kichupa cha kipimo ni sumu kali. Ndoo nayo iwe wazi wakati wa kazi, kwani bamba hasi hutoa haidrojeni.

Ampea zikishuka wakati volti hazijabadilika, mabamba yamevaa utando mgumu. Geuza nyaya kila ndoo mpya, ya chanya iwe hasi na ya hasi iwe chanya, na mara moja kwa wiki yasugue kwa brashi ya waya. Kila bamba lina gramu 350 hivi, kwa hiyo kwa ndoo mbili kwa siku seti inafika zaidi ya nusu mwaka kabla ya kuliwa nusu. Fundi wa kuchomelea anakukatia mapya. Kataa chuma kisichoshika kutu, kinaweza kuachia kromiamu majini, na kataa pia kilichopakwa zinki.

Tope la kutu linalobaki ndilo muuzaji hakulitaja kabisa, nalo ndilo lenye sumu yote. Usilitupe chooni, bwawani wala kwenye jaruba la mpunga: pasipo hewa kutu huyeyuka tena na kuiachia arseniki. Likaushe kwenye beseni lenye mfuniko, mbali na kuku na watoto, kisha lichanganye kidogo kidogo kwenye zege.