Kuskani negatifu za familia Lubumbashi: ununue kifaa gani?

Kabla ya kutoa hata dola moja, fungua sanduku upime filamu zako. Mimi nilitanguliza kununua, tena mashine ya filamu za 35 mm peke yake. Ilipofika ndipo nilipofungua kopo la maziwa ambamo baba alitunzia negatifu zake kule Katuba. Nyingi zilikuwa za mraba, sentimita sita kwa sita, nyeusi na nyeupe. Hazikuingia.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, mfano Epson Perfection V600. Inapokea 35 mm, inapokea zile pana ziitwazo 120, kama za baba, na picha za karatasi pia. Boksi linatangaza dpi 6400, yaani nukta 6400 kwa kila inchi. Usiifuate namba hiyo. Kwa dpi 2400, fremu ya milimita 24 kwa 36 inakupa pikseli kama 2270 kwa 3400, zinazokaribia kutosha chapa safi ya sentimita 20 kwa 30.

Adui wetu hapa ni vumbi. Kiangazi kikianza, lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo iliyofungwa. V600 ina Digital ICE, ambayo hulitambua vumbi kwa mwanga wa infraredi na kulifuta, ila kwa filamu za rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe za zamani, picha yenyewe ni chembe za fedha, nazo huuzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Mashine itaharibu nyuso za wazee wako ikidhani inasafisha. Izime hiyo ICE. Nunua pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa, na glavu za pamba. Usipulize kwa mdomo: mate yakidondokea filamu yanaacha doa.

Ya pili ni kamera, kama unayo tayari pamoja na lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Weka negatifu juu ya taa bapa ya LED, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), kisha geuza rangi kwenye kompyuta. Ni haraka kuliko skana, na umeme ukikatika betri inaendelea.

Plustek OpticFilm 8200i, skana ya filamu za 35 mm peke yake, naiweka ya tatu kwa sababu ya kopo la baba tu. Kama zako zote ni 35 mm, ianze yenyewe: inatoa picha kali kuliko skana bapa, ingawa utasogeza fremu moja moja kwa mkono.

Vile visanduku vya bei rahisi vyenye skrini ndogo, viache. Vinakata kingo za picha, na sehemu zenye mwanga mkali hupotea kabisa.

Printa usinunue. Peleka faili kwenye maabara inayochapa kwa karatasi ya picha, si kwenye duka la fotokopi. Kwa sentimita 10 kwa 15 zinatosha pikseli 1200 kwa 1800. Chapa moja kwanza, na uwaombe wazime marekebisho ya otomatiki, maana mashine huuchukua uso mweusi kama kivuli na kuupausha. Mama yangu alipoona chapa ya kwanza aliuliza huyu ni nani. Ya pili aliitambua kabla sijaiweka mezani.